Land Rover ya Babu: injini ipi, kwa hela ipi?

Wale mliokuwa getini Malimbe Jumapili ile mkaona Land Rover ya kijani iliyochakaa inaingia chuo ikilia kama daladala ya Hiace, naam, aliyeshuka na begi la mchele ni mimi. Nimeulizwa sana tangu siku hiyo, na kwa kuwa nimepotea hapa karibu muhula mzima, leo nalipa deni. Kaeni mkao wa kula, stori ni ndefu na ina historia ndani yake. Mnanijua, mwalimu mtarajiwa wa Historia na Kiswahili hawezi kuongelea hata ndala bila kurudi kwa wakoloni.

Babu yangu anaishi Magu. Ana Land Rover 109, Series III, pikapu ya chesisi ndefu, aliyoinunua kwenye mnada mwaka 1976 ikiwa na miaka mitatu. Hiyo gari imebeba pamba, mpunga, dagaa, maharusi, maiti, na wajawazito wasiohesabika usiku wa mvua. Mama yangu alizaliwa hospitali kwa sababu yake, mimi pia. Sasa mwaka jana mwezi wa saba, ikiwa na mzigo wa pamba, ikatoa mlio mmoja mkavu "ka!" ikazima. Fundi alipofungua chini akakuta krenki imekatika vipande viwili, na bloku nayo imepasuka pembeni. Hapo hakuna cha kufufua. Inatakiwa injini nyingine.

Hela? Waliuzwa ng'ombe sita, ikapatikana milioni 5.4. Humo humo kuna ada ya mdogo wangu laki sita, na salio la ada yangu laki tano. Kwa hiyo injini na kila kitu chake ilitakiwa isizidi milioni 4.3. Ikizidi, kuna mtu hafanyi mtihani, na mtu mwenyewe mnamjua.

Ukoo ukagawanyika vipande vitatu. Babu alitaka injini ile ile irudi, "ya asili", hataki kusikia nyingine. Baba mdogo, ambaye ndiye dereva, alitaka ya Toyota. Binamu yangu wa Dar, aliyekuja likizo na simu imejaa video za magari ya Kimarekani, alitaka V8! Eti tuweke V8 tushindane na mabasi. Vikao vikawa vya kununiana. Mwisho Babu akasema, "Mke wangu ndiye msomi. Aende akasome, atuambie." (Msishtuke, babu na mjukuu ni utani wetu sisi.) Nikaenda kusoma.

Kwanza ukoo wa injini yenyewe. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na injini ndogo ya petroli ya sisi 1595. Mwaka 1958 ikaja Series II na injini ya petroli ya sisi 2286, ambayo ndiyo iliyoijaza Afrika: polisi, mabwana shamba, wamisionari, wakuu wa wilaya, wote walipanda hiyo. Mwaka 1961 wakatoa ya dizeli yenye ukubwa ule ule, sisi 2286. Hawa ni kama mapacha. Mmoja wa petroli mwenye nguvu kama farasi 70 na kitu, mwingine wa dizeli kama farasi 62. Walifanya hivyo makusudi ili zitengenezwe kwa mashine zile zile, na ndiyo maana unaweza kutoa moja ukaweka nyingine kwenye gari lile lile bila kuchonga sana. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kitu kingine: mpaka mwaka 1980 krenki ya injini hizi ilishikiliwa na beringi tatu tu. Kwa petroli hakuna shida. Lakini dizeli haina plagi, inabana hewa mpaka joto lenyewe liwashe mafuta, kwa hiyo inapiga pistoni kwa nguvu kubwa zaidi. Krenki ndefu, mapigo mazito, mashikio matatu: siku moja chuma kinachoka. Wenyewe Waingereza waliona, na 1980 wakaongeza beringi zikawa tano. Ya kwetu ni ya tatu. Kwa hiyo ule mlio wa "ka!" haukuwa uchawi wa jirani kama shangazi alivyodai.

Lakini subirini. Mwalimu wetu wa kozi ya mbinu za historia hutuambia kila siku, usiamini simulizi kabla hujaiweka pembeni ya hati. Nikamwomba Babu kadi ya gari. Ile kadi ilipoandikwa upya wakati namba zilipobadilishwa, walinakili tu ya zamani. Nikasoma: aina ya mafuta, petroli. Petroli? Gari hili tangu nizaliwe linanuka dizeli! Nikachukua tambara na mafuta ya taa, nikasugua pembeni mwa bloku mpaka namba zikaonekana. Hazifanani na za kwenye kadi hata tarakimu tatu.

"Babu, hii injini si ya asili."

Akanyamaza. Akavuta kiti chake akakigeuza kuangalia upande wa ghala. Baba mdogo akanifanyia ishara ninyamaze na mimi. Halafu Babu akaanza, taratibu, na hapo ndipo historia ya Form Four iliyokuwa imenikauka kichwani ikapata nyama.

Mnakumbuka tulikaririshwa: "Sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, taja tano." Sawa, nani aliwahi kuniambia kwamba sababu tano hizo zina maana ya ringi za pistoni? Babu anasema kabla ya hapo spea za Land Rover kwa watu wa Mwanza zilikuja na meli kutoka Kisumu. Nairobi kulikuwa na wauzaji wakubwa, na katikati ya miaka ya sabini Wakenya wakaanza hata kuziunganisha Land Rover kiwandani Thika. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba! Ziwa lile lile, maji yale yale, lakini kifurushi cha gasketi hakivuki.

Halafu Oktoba 1978 Amin akaingia Kagera. Vita ikaisha 1979, na mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili baada ya ile ya 1973. Nchi haina fedha za kigeni. Mwalimu Nyerere alikuwa akilisema sana hili, kwamba trekta au lori lile lile linahitaji mazao mengi zaidi kila mwaka ili kulinunua. Mkulima wa pamba wa Magu alikuwa analijua bila kuambiwa. Miaka ile ilifika mahali Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi halitembei barabarani bila kibali. Petroli ilikuwa ya kuomba.

Basi mwaka 1981 injini ya petroli ya Babu ikaisha ringi. Ikawa inakula oili kuliko petroli. Ringi hazipo Mwanza, hazipo Shinyanga, hazipo popote. Rafiki yake, fundi aliyemfahamu tangu ujana, akasikia kuna Land Rover imepinduka kwenye mtaro huko Kwimba, bodi imekwisha lakini injini nzima, ya dizeli. Wakaenda na mkokoteni wa ng'ombe. Mkokoteni wa ng'ombe, jamani! Wakaifunga injini kwa kamba, wakairudisha Magu kwa siku mbili. Kwa kuwa ni mapacha, mashikio yakakubali, giaboksi ikakubali. Wakamaliza kwa siku tatu chini ya mwembe ule ule. Kadi hawakuibadilisha. Nani angeuliza, 1981?

Yule rafiki alifariki zamani, mimi sikumkuta. Ndipo nikaelewa kwamba Babu akisema "ya asili" hamaanishi ya kiwandani Uingereza. Anamaanisha ile waliyoiweka wawili.

Sikuwa na la kusema. Lakini hesabu zilikuwa zinasubiri, na ada pia. Kwa hiyo mimi na Baba mdogo tukazunguka Nyakato, Igoma na Mabatini wiki nzima ya mapumziko. (Gereji ya kwanza waliniuliza nimekuja kumfuata nani. Ya pili wakampa Baba mdogo maelezo yote wakati maswali nauliza mimi. Tumezoea.) Hivi ndivyo tulivyoambiwa.

Moja, pacha mwingine wa dizeli, sisi 2286, yuko Shinyanga, milioni 1.8. Rahisi kuliko zote, inaingia bila kuchonga chochote. Ila nayo ni ya beringi tatu, na imeshachongwa krenki mara mbili. Beringi za saizi hiyo ni za kuagiza. Ikikatika mwezi wa saba, spea inafika pamba imeshanyeshewa.

Mbili, 200Tdi. Hii ni mjukuu wa ukoo ule ule, ilitoka kwenye Discovery mwaka 1989 na Defender mwaka 1990, ina tabo, farasi 107. Mafundi wote waliisifia mpaka wakafumba macho. Na kwa kuwa ni ukoo mmoja, inafunga kwenye giaboksi ya Series kwa kutumia nyumba ya flaiwili ya injini ya zamani. Kwa kweli kama hela ingekuwepo ningemaliza hapo. Lakini ilitengenezwa miaka michache tu mpaka 1994, na mwenye nayo haiachii. Tuliyoipata ilikuwa Arusha, milioni 6, bila usafiri.

Tatu, Toyota 1HZ ya Land Cruiser. Silinda sita, sisi 4164, farasi karibu 130. Injini ya wenye migodi na wenye mashirika. Ni ndefu, inataka mbele pakatwe, giaboksi ya Series III haitaipenda, na bei yake sitaki hata kuiandika.

Nne, Toyota 3L. Silinda nne, sisi 2779, dizeli bila tabo, farasi karibu 90. Hii iko kwenye Hilux na Hiace. Tuliambiwa milioni 2.7 pamoja na pampu, stata na altaneta.

Na V8 ya binamu? Nilimfanyia hisani nikamsomea. Kumbe Land Rover yenyewe iliwahi kuwa na V8, na tena yenye damu ya Kimarekani kabisa! General Motors walitengeneza V8 ya aluminiamu ya lita 3.5 kwa magari ya Buick mwaka 1961, wakaiacha 1963. Rover wa Uingereza wakanunua haki zake 1965, wakaiweka kwenye magari yao ya kifahari 1967, kwenye Range Rover 1970, na kwenye Land Rover 109 mwaka 1979. Sasa sikilizeni: kwenye Range Rover ilikuwa na farasi kama 135, lakini kwenye 109 wakaibana mpaka 91. Wenye kiwanda, wenye hela zao, waliona gari la breki za ngoma na chemchemi za majani si la kupewa mbio zote. Sembuse sisi tulioweka breki mara ya mwisho kabla sijaanza chekechea? Binamu akaguna, akarudi Dar.

Nikabaki na la Babu. Jioni moja nikamkuta anasikiliza redio. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Nikamwambia: Babu, Land Rover yenyewe imezoea moyo wa kuazima. Gari la kwanza kabisa la majaribio, 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep ya Wamarekani. V8 yao ni ya Buick. Jeshi la Australia, miaka ya themanini, Land Rover zao walizifunga injini za Isuzu, lita 3.9, na hakuna aliyesema hizo si Land Rover. Na wewe mwenyewe 1981 ulitoa petroli ukaweka dizeli iliyokuja kwa ng'ombe.

Akasema, "Hizo ni za wenzetu."

Nikamwambia ya kwetu basi. Meli ya Liemba kule Kigoma ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikaendeshwa kwa mvuke mpaka miaka ya sabini, ndipo ikawekwa injini za dizeli. Jina halikubadilika kwa sababu ya injini. Na hapa kwetu MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani 1961, ilisimama 2014, ikarudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa na injini mpya. Babu mwenyewe aliipanda kwenda Bukoba akiwa kijana. Nikamuuliza, siku ukiipanda tena utasema ni meli nyingine?

Hakujibu. Aliuliza tu: "Hiyo 3L, ikiharibika Jumapili usiku Nyanguge, spea nitaipata wapi?"

Wadau, swali hilo moja lina akili kuliko wiki yangu yote ya kusoma. Kwa sababu jibu lake ndilo jibu la kila kitu. Kwenye miaka ya sitini, injini ya petroli ya Land Rover ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu Usukumani, kwa sababu spea zake zilikuwa njiani kila wiki kwenye meli ya Kisumu. 1977 njia ile ikafa, na injini nzuri ikageuka kuwa chuma. Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, 1985 akaja Mzee Mwinyi na ruksa yake, na kuanzia miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Hiace zikawa daladala. Kila fundi wa Mwanza amejifunzia kazi kwenye Hiace. Njia ya spea ikahamia kwa Toyota. Injini ya bei nafuu ni ile ambayo njia yake ya spea bado iko hai pale unapoharibikiwa.

Nikamjibu, "Kwa dereva yeyote wa Hiace, Babu. Hata usiku."

Akasema sawa. Lakini akatoa sharti, nitalisema mwishoni.

Hesabu zenyewe sasa, maana najua kuna wenye magari ya wazazi humu. Injini milioni 2.7. Plati ya kuunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover, kuchonga chuma, laki nne na nusu. Mashikio na kulehemu laki mbili. Rejeta na mabomba laki mbili na nusu. Klachi laki na themanini. Ufundi laki nne. Jumla milioni 4.18. Tukapumua. Kumbe mapema! Plati ilichongwa ikakosa senta kidogo, kidogo tu, unene wa ukucha, na klachi ikawa inatetemeka gari zima. Ikabidi ichongwe upya, laki na nusu. Ikawa milioni 4.33, yaani tumezidi elfu thelathini. Elfu thelathini hizo zilitoka kwenye bumu langu, ndiyo maana mlikuwa mnaniona nakula maharage wiki nzima na kusema nafunga.

Piga hesabu uone: katika kila shilingi 100, ni 62 tu zilizonunua injini. Anayekuambia "injini milioni 2.7 tu" hajakuambia bei.

Mengine niliyojifunza kwa kusimama juani:

Isikilize ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha kabla hujafika, rudi kesho.

3L inatumia taiming belti. Uliyoikuta usiiamini, badilisha kabla haijafungwa kwenye gari. Belti ni hela kidogo, valvu zilizopinda ni kilio.

Angalia sampu ya oili. Ya kwenye Hiace inaweza kugonga difu ya mbele ya Land Rover. Tulitafuta iliyotoka kwenye Hilux ya difu mbili.

Usikubali kuuziwa bila altaneta yake. Ile ya 3L ina pampu ya vakyumu nyuma yake, na bila hiyo breki yako inakuwa ngumu kama jiwe.

Dai risiti yenye namba ya injini, kisha ukabadilishe kadi TRA. Kadi yetu ilidanganya kwa zaidi ya miaka 40. Sasa inasema kweli, na ni mimi niliyepanga foleni.

Jumapili ile ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ndefu, Magu mpaka chuo. Baba mdogo usukani, Babu dirishani na kofia yake, mimi katikati na giaboksi. Babu hakusema neno mpaka tulipofika Kisesa. Hapo akasema, "Inalia kama Hiace." Baba mdogo akataka kujitetea, nikamkanyaga mguu.

Tukapita Igoma, tukaingia mjini, watu wanatoka kanisani ibada za mchana, daladala zinajaza. Babu akaangalia saa yake. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Jumapili, saa tisa," akasema. "Zamani saa hizi tungekuwa polisi." Akacheka peke yake mpaka Mkolani.

Lile sharti? Bloku iliyopasuka isiuzwe chuma chakavu. Iko chini ya mwembe, imepakwa grisi na kufunikwa turubai. Wanunuzi wa skrepa wameshapita mara mbili, na mara zote mbili Babu amewaambia haina mwenyewe wa kuiuza.

Haya, nina presentesheni kesho saa mbili na sijaandika hata kichwa cha habari. Ada imelipwa. Naomba kuwasilisha.